Somo: Maneno ya Kijapani yenye kufaa mukulima na koperative yake



Mara mingi mu mafunzo munasikia mwalimu anataja maneno sawa bokashi, kaizen ao mottainai. Wengine wanaandika mu kaye, wengine wanacheka tu, na somo likiisha neno linabaki kule kwenye ubao. Ni Kijapani, lugha ya watu wa Japani. Leo tutayafungua maneno hayo moja moja, tuone maana yake na namna yanaweza kutumika mu shamba na mu depo yetu.

Musiogope kuyasoma. Kijapani kina a, e, i, o, u sawa Kiswahili, na karibu kila silabi inaisha na mojawapo ya hizo. Soma ka-i-ze-n, bo-ka-shi, na Mujapani atakusikia.

1. Lugha ya wakulima

Gari ya Toyota munaijua wote. Jina hilo linatoka kwa familia ya Toyoda iliyoianzisha kampuni. Toyo ni wingi, neema. Ta (ao da) ni shamba la mupunga lenye maji. Kwa hiyo Toyoda ni shamba la mupunga lenye kuzaa sana. Honda ni shamba la musingi. Tanaka, jina la watu wengi kule, ni katikati ya mashamba. Majina hayo makubwa ya viwanda yalitoka kwenye matope ya mupunga.

Angalia tena hili. Mufaransa anasema riz, basi, imeisha. Sisi tuna maneno tatu: mupunga, muchele, wali. Wajapani nao wanayo tatu: ine ni mupunga ulio shambani, kome ni muchele, gohan ni wali. Na gohan maana yake ni chakula chenyewe pia, kwa sababu mutu ambaye hajakula wali anaona hajakula. Watu wakilima kitu kwa miaka mingi, lugha inakipatia majina mingi.

Kuna pia maneno yenye kudanganya sikio. Kwa Kijapani kuwa ni jembe, kama ni mundu ya kuvunia, na soko ni «hapo ulipo». Lakini neno lenye kufundisha zaidi ni muda, na tutalirudilia chini.

2. Bokashi

Neno hili linatoka kwa kitendo cha kufifisha, sawa vile rangi kali inapunguka polepole mpaka inakuwa nyepesi. Kwa wakulima, bokashi ni mbolea iliyochachishwa: vitu vikali sawa mavi ya kuku vinapunguzwa ukali kabla ya kuingia shambani. Mboji ya kawaida inaomba miezi. Bokashi inaweza kuwa tayari mu siku 12 mpaka 15, ukiichunga muzuri.

Kwa kuanza, tafuta hivi:
- ndoo 4 za mavi makavu ya kuku ao ya mbuzi
- ndoo 4 za udongo muzuri wa juu
- ndoo 2 za pumba za muchele ao za mahindi
- ndoo 1 ya makala iliyosagwa
- kopo moja ya majivu, isizidi
- litri 2 za maji ya miwa, ukoroge ndani vijiko 2 vya hamira, ile tunaita levire

Changanya yote chini ya kivuli, pahali mvua haifike. Mwanga maji kidogo kidogo. Kamata konzi moja na ufinye: ikishikamana bila kutoa maji, na ikivunjika ukiigusa kwa kidole, iko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza pumba. Funika na magunia.

Kesho yake itapata joto. Siku 4 za kwanza geuza asubuhi na jioni, kwa sababu joto likizidi linachoma vile vidudu vidogo vyenye kufanya kazi na linapoteza nguvu ya mbolea. Nyuma geuza mara moja kwa siku. Ikipoa na ikanukia udongo wa pori, iko tayari. Tia konzi moja kwa kila shimo, funika na udongo kidogo, ndipo uweke mbegu juu. Mbegu isigusane na mbolea.

3. Mottainai

Hii Wajapani wanasema wakiona kitu cha maana kinapotea bure. Maana yake inakaribia «ni hasara, na ni aibu pia», kwa sababu kitu kile kilikuwa na zamani yake na hakikuheshimiwa. Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mu 2004, alisikia neno hili akitembelea Japani mu 2005. Alilipenda, akalibeba mu mikutano ya dunia kufundisha watu kupunguza matumizi, kutumia tena kitu na kukigeuza kuwa kitu kingine.

Kwetu mottainai iko wapi? Ni maganda ya kahawa yaliyomwangwa mutoni, ni mabua yaliyochomwa moto wakati udongo unalia njaa, ni nyanya zilizooza siku ya soko juu zote ziliiva posho moja.

4. Kaizen, muda na naze

Kai ni kubadilisha, zen ni uzuri. Kaizen ni kutengeneza kazi kidogo kidogo, kila siku, na kila mutu akitoa wazo lake. Haingojei mufadhili. Kupanga magunia ili mizani ikae karibu na mulango, hiyo ni kaizen.

Sasa tuje kwa muda. Kwa Kijapani muda ni kazi ya bure, isiyoongeza kitu. Kiwandani kwa Toyota walihesabu aina 7 za muda: kutoa vitu kupita vile vinavyoombwa, kungoja, kubeba huku na huku, kufanya kazi isiyohitajika, kulundika mali, kutembea-tembea bila maana, na kutoa vitu vyenye kasoro. Mama akingoja masaa matatu mbele ya mizani juu mwenye ufunguo hajafika, amepoteza muda kwa Kiswahili na ni muda kwa Kijapani.

Naze ni «kwa nini». Dare ni «nani». Hapa njo kuna jambo kubwa. Hasara ikiingia mu koperative, swali la kwanza letu ni dare: nani ameiba, nani ameharibu, nani ana roho mbaya? Watu wanaanza kuangaliana kwa macho mengine, majirani wanaitana wachawi, wanachama wanauza mazao yao usiku kwa wachuuzi. Koperative inakufa, na sababu ya hasara inabaki palepale. Kule Toyota walizoea kuuliza naze mara 5 mbele ya kutafuta mutu wa kulaumu.

Tuchukue mufano. Magunia 10 ya mahindi yameota ukungu mu depo.
- Kwa nini yameota ukungu? Yaliingia na maji ndani.
- Kwa nini yaliingia mabichi? Hakuna aliyeyapima.
- Kwa nini hayakupimwa? Mwenye depo hajui namna ya kupima bila mashini.
- Kwa nini hajui? Hakufundishwa wakati alipochaguliwa.
- Kwa nini hakufundishwa? Komite haina kanuni ya kumufundisha mwenye depo mupya.

Ukiuliza «nani», ungemufukuza mwenye depo, na mupya angefanya vilevile. Ukiuliza «kwa nini», unapata dawa. Na dawa hiyo ni rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka sehemu ya tatu, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yangali na maji, yarudi kwenye shitingi juani. Isiponata, unaweza kuyapokea, lakini kwa kuweka miezi mingi yaendelee kukauka kidogo.

Hatusemi mwizi hayuko. Kama naze zote 5 zinaonyesha kaye ilibadilishwa na feza zilitoka, basi dare inafika kwa haki, na mbele ya mukutano wote.

5. Maneno matano ya depo

Yote yanaanza na S. Yaandikwe kwenye mulango:
- Seiri: chagua. Chenye hakitumike kitoke.
- Seiton: panga. Kila kitu na pahali pake, magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta.
- Seiso: fagia. Ukifagia njo unaona mavi ya panya na tundu la paa.
- Seiketsu: weka kanuni, ili usafi ubaki vilevile hata mwenye depo akigonjwa.
- Shitsuke: nidhamu. Neno hili Wajapani wanalitumia kwa malezi ya mutoto pia: kitu unachofanya hata kama hakuna anayekuangalia.

6. Kumiai

Kumiai ni watu waliojifunga pamoja, ni kusema koperative. Ile ya wakulima inaitwa nōkyō. Sheria yake ilitoka mu 1947, nyuma ya vita, wakati ardhi ilikuwa inagawanywa kwa wakulima wadogo. Na mu 1979, muliwali wa Oita, Morihiko Hiramatsu, alianzisha isson ippin: kijiji kimoja, kitu kimoja. Kila kijiji kichague zao ao kazi moja inayoweza kukipatia jina. Jina likijulikana, mununuzi anakutafuta.

Mwisho, salamu moja. Kazi ikiisha Wajapani wanaambiana otsukaresama, maana yake karibu «umechoka, tumeona». Sisi tunasema pole na kazi. Neno hilo wao pia wanalo.

Maswali ya kuzungumza mu mukutano
1. Taja muda (ya Kijapani) tatu zinazoonekana siku ya kupokea mazao. Ipi inaweza kuondoka posho hii bila feza?
2. Chukua hasara moja ya mwaka huu. Uliza naze mara 5. Mwandishi aandike majibu bila jina la mutu.
3. Nani ataanza rundo la bokashi la kujaribu? Wachaguliwe watu wawili, na mistari miwili ya mahindi iachwe bila bokashi ili tulinganishe.
4. Kijiji chetu kikitaka kuitwa kwa zao moja, ni zao gani?