Kipunji wa Mlima Rungwe

Mtoto wa Kiembe Samaki akitaka kumwona kima punju hana haja ya kuvuka bahari, kwani msitu wa Jozani upo papa hapa Unguja. Kima huyo anao ndugu bara, na mmoja wao hukaa katika milima ya Udzungwa. Wataalamu wa wanyama wamewapa wote jina moja la ukoo, Piliocolobus. Ukoo kama huo huitwa jenasi. Sasa sikilizeni habari za kima aliyekosa ndugu.

Mwaka 2003 Tim Davenport na wenzake walikuwa wakichunguza wanyama wa mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania. Wawindaji wa Kinyakyusa wakawaambia kwamba msituni mna mnyama mwenye haya, aitwaye kipunji. Wakamtafuta hata wakamwona: manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, nywele zimesimama utosini, na sauti nzito kama ya kubweka. Mwaka 2004 Trevor Jones akamwona kima yule yule katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mbali kiasi cha kilomita 350.

Mwaka 2005 wakatangaza habari zake kwa picha na maelezo, wakamtia katika ukoo wa Lophocebus, kwa kuwa alifanana nao. Baadaye kipunji mmoja akafa mtegoni katika shamba la mahindi. Wataalamu wakapima fuvu lake na meno yake, wakachunguza na nasaba yake katika nyama. Nasaba ilionyesha kuwa yu karibu na nyani, lakini fuvu halikuwa la nyani. Basi mwaka 2006 wakampa ukoo wake mwenyewe, wakamwita Rungwecebus kipunji. Ukoo ulipata jina la mlima, na jina la wawindaji halikuondolewa. Tangu mwaka 1923 haukupata kutajwa ukoo mpya wa kima aliye hai katika Afrika.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata vipunji 1,117 tu. Kima punju akitoweka, hasara ni kubwa, lakini ndugu zake watabaki. Kipunji akitoweka, ukoo mzima umekwisha. Kwa hiyo akatae miti ya msitu ule na ategaye mitego ndani yake huharibu kitu kisicho na badala duniani.

Maswali
1. Nani walimjua kipunji kabla ya wataalamu?
2. Kwa nini picha hazikutosha kuujua ukoo wake?
3. Kipunji na kima punju wana tofauti gani kwa habari ya ndugu?