Inkling: Neno Lisilo na Wino

Wenzangu wengi walionapo neno la Kiingereza inkling hudhani limezaliwa na ink, yaani wino. Sivyo. Herufi zimefanana tu, nasaba hakuna.

Siku hizi Waingereza hulitumia kwa wazo hafifu juu ya jambo ambalo mtu hana hakika nalo. Lakini katika karne ya 14 walikuwa na kitenzi inclen, maana yake kusema jambo chini chini, kudokeza. Basi inkling ya kwanza ilikuwa mnong'ono.

Katika utenzi mmoja wa Kiingereza wa habari za Iskandari Mkuu, yapata mwaka 1400, neno limeandikwa nyngkiling. N ile yatoka wapi? Imeruka kutoka an, lile neno dogo litangulialo majina yao. Adder, aina ya nyoka, lilipatwa na kinyume chake: zamani lilikuwa na n mbele, nayo ikanyakuliwa na an. Tusiwacheke. Sisi tulipokea mudguard, tukaisikia "ma" kama ya wingi, na leo gurudumu moja lina digadi, mawili yana madigadi.

Taabu ni kufasiri. Wengi huandika shaka, na hapo pana hatari. Tuseme fedha za chama zimepotea, na mweka hazina asema kwa Kiingereza kwamba alikuwa na inkling. Ukifasiri "alishuku", umemfanya mshitaki, na watu watauliza alimshuku nani. Huenda alisikia neno njiani tu! Mimi naona neno letu ni fununu, habari isiyo kamili wala haina mwenyewe. Tena fununu i karibu na inkling ya kale kuliko ya sasa, kwa kuwa hupitia sikioni. Wazo likizuka pasipo kuambiwa na mtu, afadhali "moyo wangu uliniambia". Na katika kukana, "sikuwa na habari hata kidogo" yatosha.

Wino uliingia baadaye, kwa mzaha. Huko Oxford, miaka ya 1930, mwanafunzi Edward Tangye Lean alianzisha chama cha kusomeana maandishi, kikaitwa Inklings. Kilipokufa, C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien, waliokuwa wakihudhuria, wakalichukua jina kwa kundi lao la marafiki. Tolkien alieleza kuwa lafaa watu wenye mawazo nusu nusu, na tena wachezao na wino. Humo ndimo alimosoma kwa sauti sehemu za The Lord of the Rings, miaka mingi kabla hazijapigwa chapa mwaka 1954.