Kukoboa Nafaka: Je, Wepesi wa Kazi ni Ubora wa Maisha?

Kutwanga nafaka kwa kinu na mchi ni kazi ya jasho, na kwa vizazi vingi jasho hilo lilikuwa la wanawake na wasichana. Mashine ilipofika kijijini, kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika chache. Wepesi huo si wa kubezwa. Hata hivyo, sayansi huuliza swali la pili: je, chakula kilichotoka mashineni kina kila kilichoingia?

Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda, ambalo likiondolewa huitwa pumba, kiini, ambamo mche huchipua, na wanga, ulio sehemu kubwa kuliko zote. Vitamini B1 imo zaidi katika kiini na matabaka ya nje. Kukoboa huondoa sehemu hizo na kubakiza wanga mweupe.

Hasara yake ilidhihirika Asia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashine za mvuke za kukoboa mpunga zilienea huko. Beriberi, ugonjwa unaodhoofisha mishipa ya fahamu na moyo, ulijulikana tangu kale. Sasa ukawaandama askari, mabaharia na wafungwa waliokula wali mweupe bila kitoweo cha kutosha. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa Batavia (leo Jakarta), alidhani chanzo ni kijidudu. Kuku wake wakaugua maradhi yanayofanana na hayo. Ikabainika kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe wa hospitali. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona. Mwaka 1901 mwenzake, Gerrit Grijns, alieleza kuwa ugonjwa haukuletwa na kitu kilichomo katika mchele, bali na kitu kilichokosekana. Kitu hicho, vitamini B1, kilitengwa mwaka 1926.

Ndivyo zilivyo sembe na dona. Sembe ni nyeupe na hukaa muda mrefu. Dona ina virutubisho zaidi, lakini mafuta ya kiini chake huchacha upesi. Tena, mahindi yakiota kuvu, sumu yake huwa nyingi zaidi katika sehemu za nje. Kwa hiyo dona hutaka mahindi makavu na safi. Mwenye kula sembe pamoja na maharage naye hurudishiwa sehemu ya kilichopotea.

Basi dawa si kurudi kwenye kinu. Dona haihitaji kukobolewa. Husagwa tu, na hivyo kazi yake ni nyepesi kuliko ya sembe. Wepesi hupimwa kwa saa na jasho. Ubora hupimwa kwa afya ya mlaji. Kipimo kimoja hakijibu swali la kingine.

Zoezi

1. Weka sembe na dona zilizosagwa siku moja katika vyombo viwili vilivyofunikwa. Nusa kila wiki kwa muda wa miezi miwili. Eleza tofauti utakayoiona.

2. Kwa nini kupona kwa kuku pekee hakukutosha kuonyesha kwamba ugonjwa ulitokana na upungufu?