Siku ya Kupanda Meli: Chumba Ulicholipia na Saa ya Kukifungua

Abiria aliyezoea meli ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba anajua utaratibu mmoja: ukishaonyesha tiketi yenye kabini, unaelekezwa kabini yako, unaweka mzigo, unafunga mlango, kisha unatoka kuagana na waliokusindikiza. Meli za utalii zinazoondoka Miami, Southampton, Barcelona au Dubai haziendi hivyo. Huko kuna saa ya kuingia melini na kuna saa ya kuingia chumbani, nazo ni saa mbili tofauti. Katikati yake abiria aweza kukaa muda mrefu akiwa na mkoba mkononi, bila mahali pa kujinyoosha wala pa kubadilishia nguo, ilhali amekwisha kulipa hadi senti ya mwisho.

Sababu yake si dharau. Meli hizi hufanya kazi juma baada ya juma pasipo kupumzika. Alfajiri meli hufika gatini ikiwa na abiria wa safari inayokwisha. Hao hutakiwa kuacha vyumba mapema, na ifikapo saa nne asubuhi wengi wao huwa wamekwisha shuka. Kuanzia saa tano hivi abiria wapya huanza kupanda, na jioni, saa kumi au saa kumi na moja, meli hung'oa nanga. Chukua mfano wa Icon of the Seas, iliyoanza kusafirisha watalii kutoka Miami mwezi Januari 2024: ina vyumba 2,805 vya abiria. Vyote hivyo sharti visafishwe na kutandikwa upya kati ya asubuhi na mchana wa siku hiyohiyo moja. Ndiyo maana tangazo la kwamba vyumba viko tayari husikika kwa kawaida saa saba au saa saba na nusu mchana, na kabla ya hapo shoroba za vyumba hufungwa.

Baadhi ya kampuni huuza haki ya kutangulia kupanda. Kabla ya kuilipia, uliza swali moja: je, fedha hizo zinafungua mlango wa chumba mapema, au zinafupisha foleni ya gatini tu? Mara nyingi ni foleni. Anayelipia foleni akidhani ananunua chumba hujikuta amekaa mkahawani pamoja na wale ambao hawakulipa kitu.

Hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu kuliko wengine, kwa sababu ya namna tunavyohesabu saa. Hati ya kupandia ikiandikwa 11:30, hiyo ni saa tano na nusu asubuhi. Si saa kumi na moja na nusu. Aliyeisoma kwa haraka, akamwambia mzazi wake kwa simu kwamba aripoti "saa kumi na moja na nusu", amemwelekeza kufika gatini wakati meli iko baharini. Kosa hili ni dogo mdomoni lakini halina tiba, maana meli haimngoji mtu mmoja, na nauli ya aliyechelewa kwa uzembe wake kwa kawaida hairudishwi. Tena, usiitazame saa ya kuondoka peke yake. Kwa meli zinazoondoka Marekani, orodha ya majina ya abiria hupelekwa kwa mamlaka za mpaka dakika 60 kabla ya kuondoka, na kampuni hufunga milango ya usajili wakati huo au mapema zaidi. Meli ya saa kumi na moja jioni, basi, kwa abiria ni meli ya saa kumi au saa tisa na nusu.

Hati zenyewe tuziseme kwa ufupi. Pasipoti na viza hukaguliwa kabla hujakanyaga ngazi ya meli. Safari inayoanzia Miami, ikazuru visiwa vya nchi nyingine na kurejea Miami, humtaka mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania awe na viza inayoruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja. Hali ni hiyohiyo kwa safari ya Barcelona inayotoka nje ya eneo la Schengen na kurudi.

Mizigo hutenganishwa na mwenyewe

Nje ya jengo la abiria utawakuta wapagazi wakipokea masanduku. Kila sanduku linapaswa kuwa na lebo yenye jina lako na namba ya chumba. Lebo hizo huchapishwa na abiria mwenyewe baada ya kujisajili kwenye mtandao, au hutolewa papo hapo gatini. Baada ya hapo sanduku huenda njia yake: hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, hupandishwa kwa mikokoteni pamoja na maelfu ya masanduku mengine, na hatimaye huachwa mbele ya mlango wa chumba chako. Huweza kufika saa tisa alasiri. Huweza pia kufika baada ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo, kile ambacho huwezi kuishi bila nacho kwa saa nane kisiingie katika sanduku hilo. Mwenye kisukari abebe insulini yake mkononi. Mwenye shinikizo la damu abebe vidonge vyake katika vifungashio vyake vya asili, pamoja na maandishi ya daktari. Miwani, maziwa na nepi za mtoto, chaja ya simu, fedha, vito na nguo moja ya kubadilisha, vyote vikae katika mkoba mdogo unaouingiza melini mwenyewe. Pasipoti haihitaji kutajwa, lakini tunaitaja: aliyeifungia katika sanduku na kulikabidhi kwa mpagazi hawezi kusajiliwa mpaka sanduku lile litafutwe.

Liko jambo jingine linalochelewesha masanduku, nalo ni vitu vilivyokatazwa. Pasi ya nguo, birika la umeme, mishumaa na nyaya za kurefushia umeme zenye kinga ya mkondo huondolewa, kwa kuwa moto ndilo tishio kubwa baharini. Vileo vinavyozidi kiasi kilichoruhusiwa huondolewa vilevile. Sanduku lenye vitu kama hivyo hushikiliwa katika ofisi ya usalama hadi mwenyewe aende kulifungua mbele ya maofisa. Ikiwa masanduku ya jirani zako yote yamefika na la kwako halijaonekana, huko ndiko kwa kuulizia kwanza.

Kadi ya mlango ni pochi pia

Ufunguo wa chumba ni kadi ndogo, na katika meli nyingine ni kifaa cha kuvaa shingoni au mkononi. Kampuni nyingine huikabidhi gatini. Nyingine huiweka katika bahasha iliyofungwa mbele ya mlango wa chumba, nawe huikuta huko vyumba vikifunguliwa. Kadi hiyohiyo ndiyo kitambulisho chako kila unaposhuka na kupanda, na ndiyo unayonunulia kinywaji, picha au matembezi ya nchi kavu. Fedha taslimu hazitumiki sana melini. Kila unachochukua huandikwa katika hesabu ya chumba, na hesabu hiyo hufungamanishwa na kadi yako ya benki.

Swali la kujiuliza kabla ya kufungamanisha ni hili: ni kadi ya aina gani? Kampuni huomba benki ishikilie kiasi fulani cha fedha kama dhamana ya matumizi. Kwa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kiwango chako cha kukopa. Kwa kadi inayochota moja kwa moja katika akaunti, fedha zinazoshikiliwa ni zako mwenyewe, na huweza kukaa zimefungwa siku kadhaa hata baada ya safari kwisha. Mtu aliyeacha katika akaunti karo ya mtoto au kodi ya nyumba huweza kuona salio limepungua ingawa hajanunua kitu. Uliza melini ni kiasi gani kinashikiliwa, kwa siku ngapi, na kama unaweza kuweka fedha taslimu badala yake. Kampuni nyingi hukubali.

Uliza pia habari ya bahashishi. Katika meli nyingi za Kimarekani, bahashishi ya wahudumu huongezwa yenyewe katika hesabu kila siku, kwa kila mtu aliyemo chumbani, watoto wakihesabiwa. Familia ya watu 5 kwa siku 7 huhesabiwa mara 35. Hiyo si fedha ya kugundua asubuhi ya kushuka. Na unapoingia chumbani, tazama kama kuna friji ndogo yenye vinywaji. Vihesabu mara moja, na kama kuna kilichopungua mwarifu mhudumu kabla hakijaandikwa kwa jina lako.

Mlango ukifunguka

Usifungue masanduku kwanza. Shika uthibitisho wa malipo mkononi na ulinganishe. Je, umepewa aina ya chumba uliyolipia: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, au chenye roshani? Je, dirisha linaona bahari, au limezibwa na mashua ya kuokolea? Vyumba vya namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu na jambo hilo huandikwa katika masharti. Ikiwa halikuandikwa, una hoja. Vitanda vinatosha watu wote? Mwenye kiti cha magurudumu anapita mlango wa bafu? Kumbuka kwamba aliyenunua chumba cha bei nafuu bila kuchagua namba ameahidiwa aina ya chumba tu, na mahali kilipo huamuliwa na kampuni. Hawezi kudai kwamba hakutaka kukaa chini ya ukumbi wa dansi.

Kisha jaribu vitu: maji ya moto, choo, kiyoyozi, taa, kisanduku cha usalama, komeo la mlango wa roshani. Kasoro ndogo mwambie mhudumu wa chumba. Kasoro kubwa, kama maji yanayovuja au chumba kisicho cha aina uliyolipia, ipeleke dawati la huduma kabla meli haijaondoka. Saa hizo chache zina thamani, kwa kuwa bado huenda kuna vyumba vya abiria ambao hawakutokea. Meli iliyojaa ikishatoka bandarini, hata karani mwenye moyo mwema hana pa kukuhamishia. Piga picha, andika lalamiko kwa ufupi, na uombe nakala au jina la aliyelipokea. Ukipewa zawadi ya kukutuliza, soma unachotakiwa kutia sahihi. Pengine ni tamko kwamba hutadai zaidi.

Kulalamika mapema kuna uzito wa kisheria pia. Kwa aliyenunua kifurushi cha safari nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2018 zinamtaka amwarifu mwandaaji wa safari kuhusu kasoro bila kuchelewa kusikostahili, na mwandaaji kwa upande wake anawajibika kuirekebisha. Aliyekaa kimya siku 7 na kulalamika nyumbani amedhoofisha dai lake mwenyewe. Kwa aliyenunua kwa wakala wa Nairobi au Dar es Salaam, risiti iseme wazi ni nani hasa muuzaji, wakala au kampuni ya meli, maana masharti ya tiketi huenda yakakutaka ushtaki mbali. Mwaka 1991, katika kesi ya Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba abiria kutoka jimbo la Washington amefungwa na maandishi ya tiketi yaliyotaka kesi zote zisikilizwe Florida, upande wa pili wa nchi. Masharti hayo madogo yasomwe kabla ya kulipa.

Kabla hujalala kitandani, geuza macho nyuma ya mlango. Hapo pana ramani inayoonyesha njia ya kutokea na namba ya kituo chako cha kukusanyikia wakati wa hatari. Tazama kama maboya ya kuvaa yamo kabatini na kama yanatosha, pamoja na ya watoto. Katika baadhi ya meli huwekwa kituoni. Zoezi la dharura si la hiari. Tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ileile na hawakuwa wamefanya zoezi lolote, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Siku hizi meli nyingi humwonyesha abiria filamu fupi katika simu au runinga ya chumbani, kisha humtaka afike kituoni kadi yake isomwe. Fanya hivyo mara tu uwekapo mkoba, ungali na kumbukumbu ya ngazi ulizopanda.

Ikiwa usiku umeingia na sanduku halijafika, nenda dawatini uandikishe upotevu huo kwa maandishi. Pale Mkataba wa Athens unapotumika pamoja na itifaki yake ya 2002, sanduku lililokabidhiwa ambalo halikurejeshwa hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 15 tangu siku lilipopaswa kurejeshwa. Fidia ina kikomo kinachohesabiwa kwa vizio vya Shirika la Fedha la Kimataifa: 2,250 kwa mizigo ya chumbani kwa kila abiria, na 3,375 kwa mizigo mingine isiyo gari. Fedha na vito havimo, isipokuwa vilikabidhiwa kwa meli vitunzwe. Mwenye mkufu wa dhahabu wa harusi na auvae, au auache nyumbani, au aukabidhi dawatini na kupewa risiti.