Matone ya Presha ya Macho na Saumu ya Ramadhani

Uoni ni katika neema ambazo mja ataulizwa kwazo, na kuuhifadhi ni katika kuichunga amana. Miongoni mwa maradhi yanayouondoa uoni kwa siri ni glakoma, ambayo Waswahili wengi huiita presha ya macho. Presha hii siyo presha ya damu, wala mwenye kumeza vidonge vya presha ya damu asidhani kuwa ameshalitibu jicho lake.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi wakati wote, nayo si machozi. Maji hayo hutoka kwa kupitia vichujio vidogo sana vilivyo pembezoni mwa mboni. Njia hiyo inapokuwa nzito, maji huzidi ndani na kuukandamiza mshipa unaochukua habari za kuona kuzipeleka kwenye ubongo. Kipimo cha kawaida ni baina ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoumwa na kipimo chao kimo humo humo. Mshipa huo ukishakufa haurudishwi kwa dawa wala kwa upasuaji. Na katika aina iliyoenea zaidi ya maradhi haya, mgonjwa haoni maumivu yoyote. Uoni huanza kuliwa pembeni na katikati hubakia safi, hata mtu akawa anausoma msahafu wake bila ya taabu naye ameshapoteza sehemu kubwa ya kuona kwake. Wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi, na mara nyingi mapema zaidi. Na mmoja akishagunduliwa, inapasa ndugu zake wa damu nao wakapimwe.

Tiba inayotumika zaidi ni matone. Timololi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1978, hupunguza utengenezaji wa yale maji. Latanoprosti, iliyoanza kutumika mwaka 1996, huyasaidia kutoka, na hutiwa mara moja tu kwa siku, aghalabu usiku. Zipo nyengine pia. Zote hizo hazirudishi kilichopotea. Kazi yake ni kukilinda kilichobaki. Kwa hiyo mgonjwa haoni faida yake kwa macho, bali huona jicho likiwasha na kuwa jekundu, na hapo ndipo wengi wanapoziacha. Unapoingia Ramadhani hupatikana sababu nyengine ya kuziacha: kuhofia saumu.

Asli ya hofu hiyo ni kwamba upo mfereji mdogo unaotoka pembe ya ndani ya jicho mpaka puani, na kwa njia hiyo ladha ya dawa huweza kufika kooni. Wanavyuoni wamekhitilafiana. Wapo wasioliona jicho kuwa ni njia ya kufikia tumboni, na wapo wasemao kuwa chenye kufika kooni hufunguza. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, iliamua kuwa matone ya macho hayafunguzi iwapo mtu atajiepusha na kumeza kilichofika kooni. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni anayemuamini, lakini aulize kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuwa ameshaacha dawa siku kumi.

Na kwa wengi khitilafu hii haiwagusi kabisa. Mwenye kutia mara moja usiku atatia baada ya Isha. Mwenye kutia mara mbili atatia wakati wa daku, kabla ya Alfajiri, na tena baada ya kufuturu. Katika nchi za Ghuba masafa baina ya nyakati mbili hizo hayako mbali sana na saa kumi na mbili. Mwenye dawa ya mara tatu amwendee daktari wake mapema, kwani huenda ikapatikana dawa ya kumbadilishia. Na ikiwa hapana budi kutia mchana, Sharia imemfungulia mgonjwa mlango wa kula na kulipa siku nyengine, haikumtaka apofuke.

Ama namna ya kutia, mtu aoshe mikono, ainue uso, aivute kope ya chini na atie tone moja tu, kwani jicho halichukui zaidi ya hilo na la pili humwagika shavuni. Kisha afumbe jicho taratibu bila ya kupepesa, na aibonyeze kwa kidole pembe iliyo karibu na pua kwa muda wa dakika mbili. Kubonyeza huko huufunga ule mfereji, dawa ikabakia jichoni na isiteremke kooni. Mwenye dawa mbili asubiri dakika tano baina yake.

Faida ya kidole hicho haikomei kwenye saumu. Timololi ikiteremka huingia katika damu, nayo hupunguza mapigo ya moyo na kubana pumzi. Kwa mwenye pumu tone moja huweza kuwa hatari kubwa. Kwa ajili hiyo haifai kumpelekea mjomba au shangazi aliyeko Unguja, Pemba au Mombasa chupa ya mtu mwengine kwa kuwa tu naye ameambiwa ana presha ya macho. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki nne, hata zikiwa na dawa ndani, wala zisiachwe ndani ya gari katika joto la Ghuba. Msafiri azichukue katika mkoba wa mkononi, asizitie katika sanduku linalokwenda chini ya ndege.