Hatua za kuwasha mashine ziandikwe wapi?

Kiwanda kidogo cha unga pale Mkata, kando ya barabara ya Chalinze–Segera, kikitaka nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hakina budi kuonyesha jinsi kinavyodhibiti uzalishaji. Wengi huchora jedwali: hatua, kinachopimwa, kiwango, mhusika, na kila baada ya muda gani. Unyevu wa mahindi, usiozidi asilimia 13.5, hupimwa kila mzigo unapoingia. Uzito wa mfuko, kila nusu saa. Hapo hakuna shida.

Shida huja kwenye hatua za kuwasha, kama kukagua mota inazunguka upande gani. Safu ya muda ijazwe nini? Mmoja huandika “mara moja” akapita. Mwingine huandika “kila siku”, na baada ya wiki mbili mwendesha mashine anatia vema bila hata kutazama.

Usiandike muda, andika tukio. Mota ya fezi tatu hubadili mzunguko nyaya mbili zikibadilishana nafasi, kwa hiyo andika: “kila fundi anapogusa nyaya, hapa ndani au kwenye laini.” Feni ya mashine ikizunguka kinyume bado hupuliza, ila kwa unyonge, na unga haupandi vizuri, ndiyo maana kosa hili huweza kudumu siku nzima watu wakilaumu mahindi. Kipimo chake ni kuwasha mashine tupu kwa sekunde chache, vifuniko vikiwa vimefungwa, na kulinganisha na mshale uliochorwa kwenye mota.

Vivyo hivyo kwa chekeche na nyundo. Tukio ni kubadilishwa. Kagua sumaku, saga kiasi kidogo, na unga huo wa kwanza uweke kando, usiuzwe, maana unaweza kuwa na vipande vya chuma. Andika nani ana ruhusa ya kusema “sasa fungasheni”. Jina la cheo linatosha, lakini awe mtu mmoja.

Kifaa cha kutia virutubishi ndicho huandikwa ovyo kuliko vyote. “Hakikisha kimewekwa sawa” si maelekezo. Tuseme kinu chako hutoa kilo 600 kwa saa, yaani kilo 10 kwa dakika, na virutubishi ulivyonunua vinatakiwa gramu 500 kwa tani. Basi kinga virutubishi kwa dakika moja, upime: ziwe gramu 5. Pima upya kila unapobadilisha chekeche, kwa sababu kasi ya unga nayo hubadilika.

Wapo wanaosisitiza kila kitu kikae kwenye jedwali moja. Kwa kinu chenye waendeshaji wawili sikubaliani nao. Tengeneza karatasi ya kuwasha, ibandike karibu na swichi, iwe na nafasi ya tarehe, tukio, kipimo kilichopatikana na sahihi. Katika jedwali kuu weka mstari mmoja unaoitaja kwa namba, ili jedwali likibadilishwa karatasi isisahaulike.

Usiache kukatika kwa umeme. Hilo ni tukio linalojitegemea: zima swichi, funga mlango wa mahindi, toa yaliyobaki ndani, ndipo uwashe. Mota isianze ikiwa na mzigo. Mzunguko utaukagua iwapo laini ilikuwa inatengenezwa. Kama umeme ulikatika na kurudi tu, ukimaliza hatua hizo endelea kusaga bila kuukagua.