Kurejesha Ardhi Oevu za Pwani: Delta ya Mto Mississippi

Utangulizi
Delta ya Mississippi, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, ilijengwa kwa maelfu ya miaka na mashapo (mchanga na tope) yaliyoletwa na mto. Kati ya 1932 na 2016 jimbo hilo lilipoteza takriban kilomita za mraba 4,800 za ardhi ya pwani.

Sababu za upotevu
(a) Matuta ya kingoni: yaliimarishwa baada ya mafuriko makubwa ya 1927. Mto haufuriki tena, hivyo mashapo hupita hadi baharini bila kutua kwenye ardhi oevu.
(b) Mabwawa, hasa ya Mto Missouri, hunasa mashapo.
(c) Mifereji ya kampuni za mafuta na gesi huingiza maji ya chumvi, ambayo huua mimea inayoshikilia udongo.
(d) Ardhi inatitia huku usawa wa bahari ukipanda.

Njia za kurejesha
1. *Kuchimba na kusukuma mashapo.* Mashine hufyonza mchanga na tope chini ya maji na kuyasukuma kwa mabomba hadi eneo lililoliwa.
Faida: ardhi hupatikana haraka, tena mahali palipochaguliwa.
Hasara: ni ghali, na ardhi mpya nayo hutitia kwa kuwa haipati mashapo mengine.

2. *Kuchepusha mto.* Tuta huwekewa lango ili maji yenye mashapo yaingie kwenye ardhi oevu.
Faida: mto huendelea kuilisha ardhi. Mfereji wa Wax Lake ulichimbwa miaka ya 1940 ili kupunguza mafuriko. Baada ya mafuriko ya 1973 delta mpya ilijitokeza mdomoni mwake.
Hasara: ujenzi wa ardhi huchukua miaka mingi, na maji yasiyo na chumvi huua chaza na kuhamisha kamba, hivyo wavuvi hupoteza kipato. Mradi wa Mid-Barataria ulianza kujengwa 2023 ukafutwa 2025 kufuatia mabishano kuhusu gharama na uvuvi.

Swali
"Kuchepusha mto ni bora kuliko kuchimba mashapo." Jadili.

Mwongozo wa jibu
Watahiniwa wengi huorodhesha faida na hasara wakaishia hapo. Neno *jadili* linataka uamuzi. Eleza nani anafaidika, nani anaumia, na kwa muda gani: mvuvi hupata hasara leo, lakini ardhi ikiisha, mazalia ya samaki na kinga dhidi ya vimbunga huisha pia. Kisha toa msimamo wako na uutetee kwa mifano.